Kope la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimerekodi somo la asidi baada ya chakula cha mchana, maabara ikiwa tupu. Shule moja kule Kiritiri haina mwalimu wa kemia, kwa hivyo wanafunzi wake wananitazama mimi kutoka huku Kianjai. Slaidi zinajaza skrini, na pembeni kuna kijidirisha kinachoelea chenye uso wangu. Nilipokagua video niliona jicho la kushoto linajifumba kuelekea mwisho. Usingizi, labda.

Jumatano, 5 Machi

Si usingizi. Jana nililala vizuri.

Mwanzo wa somo macho yote wazi. Kufikia mwisho kope la kushoto limeshuka nusu, na maneno yanaburuta. "Elektroni" ilitoka kama ya mtu mwenye uji mdomoni. Kwenye kioo cha nyumbani sioni kitu, lakini mbele ya kioo huwa sizungumzi.

Nimefungua video za mwezi uliopita. Lilianza kitambo. Nilikuwa natazama slaidi tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekizima kile kijidirisha na kurekodi bila uso. Karimi, mwalimu anayewaonyesha wanafunzi video kule Kiritiri, akanipigia simu. Wanauliza niko wapi. Kisha akashusha sauti.

"Mwalimu, usikasirike. Huku kuna wanaosema ulikuwa umelewa."

Sijawahi kuonja pombe. Afadhali ingekuwa pombe.

Mke wangu Kendi hajui. Baba yake alipooza upande mmoja, naye ndiye aliyemlisha kwa kijiko mpaka wakamzika. Nitaanzia wapi?

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimeimba ubeti mmoja, sauti ikaisha. Naogopa kufa. Zaidi naogopa kubaki hai nikiwa mzigo.

Jumanne, 11 Machi

Githeri imenikwama kooni tukila. Haiendi, hairudi. Kendi alinipiga mgongoni mpaka ikatoka. Sikuweza kueleza, ulimi ulikuwa mzito, nikamwekea video ya somo. Aliitazama hadi mwisho bila kulia.

"Kesho tunaenda hospitali," akasema. "Na usile kitu tena."

Jumatano, 12 Machi

Meru mjini. Daktari ni msichana mdogo kuliko nilivyotarajia. Alinitaka nitazame kidole chake juu bila kupepesa. Kope likashuka. Akatia barafu kwenye glavu, akaniwekea juu ya jicho, tukangoja. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi. Kendi alinibana mkono hadi ukauma.

Si kupooza, daktari akasema; kope lililopooza halifunguki kwa baridi. Misuli yangu inachoka upesi kwa sababu kinga ya mwili inazuia ujumbe wa neva kuifikia. Ugonjwa huu hauponi kabisa, ila kuna dawa. Nimelazwa, koo liangaliwe, na pumzi pia. Hilo la pumzi sikulitarajia. Naandika huku najisikiliza nikivuta hewa.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimerudi maabara. Dawa kwanza, somo baadaye. Nimeanza kwa kuwaambia wa Kiritiri ukweli: jicho likishuka ni ugonjwa, na unaitikia dawa. Nimefundisha nusu, nikapumzika, nikamaliza. Uso wangu nimeuacha pale pembeni. Kope lilishuka kidogo karibu na mwisho. Nikaendelea.

Sasa nimekaa nje. Mvua imekatika na wanafunzi wanakunja suruali kuvuka matope. Kendi amepiga kuuliza nitakula nini. Nimemwambia viazi, aviponde.