Mbwa wa Mzee Jeremias

Jumanne, 13 Juni

Saa tano asubuhi mlima umeanguka baharini. Miaka yote barafu kuu ndiyo iliyoukinga. Sasa imeyeyuka, imerudi nyuma kilomita mbili, mlima ukabaki wima bila kitu cha kuushikilia. Kishindo—bahari ikavutwa mbali—halafu ikaja! Nyumba nne zimekwenda. Banda la samaki limekwenda. Jirani yangu Severine alikuwa humo akipasua samaki. Tumemkuta amebanwa kati ya boti na jabali, kifua kimepondeka. Nilimfunika uso kwa koti langu.

Jumatano, 14 Juni

Amri kwa redio kutoka wilayani: mlima una ufa wa pili. Sote tuondoke kwa helikopta. Watu tu. Mbwa wapigwe risasi.

Wako arobaini na mmoja, wamefungwa minyororo mteremkoni. Mimi ndiye karani wa kijiji. Niliandika orodha, nikasaini.

Mzee Jeremias, mwindaji, ana kumi na mmoja. Alisoma karatasi, akaguna. "Kwenu mjini Nuuk hamfugi mbwa wa kuvuta sleji thelujini, sivyo? Kumlisha hujui. Kusaini kifo chake unajua!"

Aqqalu, fundi wa jenereta, ndiye aliyepewa kazi ya kupiga. Akamwambia, "Mjomba, wako nitakusaidia."

"Wangu nawaua mwenyewe. Ukimgusa hata mmoja, mnyororo wake nakuvisha wewe."

Ndivyo walivyo watu wa huku. Mbwa wako, risasi yako.

Alhamisi, 15 Juni

Risasi tangu asubuhi. Nilihesabu hadi kumi na tisa, nikaziba masikio. Nikasikia tu wale waliobaki wakilia.

Mzee alikuwa ndani akifunga mizigo. Nilipanda mteremko. Mbwa wake walinitazama, wametulia. Nikafungua kulabu moja ya mnyororo. Ya pili. Zote kumi na moja. Nendeni! Nilidhani watakimbilia bondeni, wajiwindie sungura, waishi.

Hawakwenda bondeni. Waliwarukia mbwa wa jirani, waliokuwa bado kwenye minyororo, wakawapasua matumbo. Aqqalu alipokuja mbio, kundi likamgeukia. Wakamwangusha. Nilimwona akikinga uso kwa mkono, na mmoja akiuvuta mkono huo kama anavuta kamba—

Nikakimbia. Nimejifungia ofisini.

Kupitia dirisha nilimwona mzee akija na bunduki. Hakuharakisha. Alipiga mmoja mmoja, na kila mmoja alimwita kwanza kwa jina.

Ijumaa, 16 Juni

Aqqalu kaondoka na helikopta ya kwanza. Yu hai. Mkono huenda wakaukata. Akiwa kwenye machela aliniuliza, "Ulikuwa kule juu. Ulimwona nani?"

Nilisema sikuona mtu.

Sasa hivi mzee amekuja mlangoni pa ofisi. Sikufungua. Ameongea kupitia mbao, taratibu.

"Kulabu zote zimefungwa tena, karani. Mtu kafungua mbwa, kisha kafunga kila kulabu vizuri, kama anapanga mafaili. Mwindaji gani ana muda huo?"

Kweli nilizifunga, kila moja mara mbwa wake alipotoka. Sijui kwa nini. Mazoea.

"Jana niliua kumi. Wa kumi na moja nilimkosa kichwa, risasi ikampata nyongani. Kajikokota hadi chini ya ngazi zako. Nimejaribu tangu alfajiri. Mkono umekataa. Njoo umalize wewe, mwanangu. Nimekuachia risasi moja."

Helikopta ya mwisho inasikika ng'ambo ya ghuba. Mlimani mawe yanaporomoka. Mzee hapigi mlango, hatukani. Ameketi kwenye ngazi, anambembeleza mnyama kama mtu anayelaza mtoto. Mbwa anakoroma. Namsikia kupitia sakafu.

Nimevaa buti moja. Nikivaa la pili, nafungua mlango.