Tikiti Kwenye Kitanda cha Mjukuu

Dada Mastura, salamu. Naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, kwa sababu barua hii nimeiandika mara mbili na mara zote mbili nimecheka mwenyewe halafu nikataka kulia, na Jumapili inakuja nami sijui nitatoka nyumbani kwangu nimebeba nini.

Mume wangu Tolibjon alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, hajawahi kupiga msumari ukaingia ukiwa umenyooka, na mwezi wa tatu binti yetu Muhayyo alipotuambia ana mimba, alisimama palepale mezani akatangaza kwamba beshiki ya mjukuu wake wa kwanza hainunuliwi, ataitengeneza kwa mikono yake. Unajua mwenyewe kwamba kitanda hicho cha kubembelezea hutoka kwetu upande wa mama, kinapelekwa mbele ya watu pamoja na mikate na peremende, na hakuna jicho lisilokikagua. Nikamwambia, “Baba Muhayyo, wewe hata kigoda cha uani kilikushinda.” Akanijibu, “Kigoda si hesabu. Beshiki ni hesabu.”

Basi hesabu ikaanzia kwenye tundu. Mtoto anafungwa amelala chali, haja zake zinashuka kwenye chungu kidogo kilicho chini, kwa hiyo tundu la ubao lazima likae mahali pake, na Tolibjon alijilaza sakafuni akaniamuru nimpime kutoka utosini hadi pale panapohusika, akagawanya kwa tatu, akatoboa kwa keekee. Jirani yetu Inobat akatuletea mwanawe mchanga tujaribishe naye, tukamlaza, na tundu likawa katikati ya mgongo wake. Mtoto alifanya alichotaka kufanya, wala hakikuingia tunduni. Inobat alicheka mpaka akakaa chini, na mume wangu akaitazama karatasi yake akasema, “Hesabu iko sawa. Mtoto ndiye mfupi wa miguu.”

Beshiki ya pili tundu lake lilikaa vizuri, maana safari hiyo alimpima mtoto wa Inobat mwenyewe kwa uzi wenye mafundo, lakini ile miguu ya kuyumbia aliikata kwa kukadiria. Na hapo likaja suala la tikiti, kwa sababu beshiki tupu haibembezwi, ni mkosi kwa mtoto, hata wewe ungemfokea mtu anayefanya hivyo, sasa fundi atajuaje kama inayumba sawasawa? Akafunga ndani yake tikiti kubwa la manjano, akalifunika kwa shali yangu, akabembeza. Beshiki ikaanza kutembea. Ikavuka ua polepole kuelekea kwa kuku, Tolibjon akiifuata kwa magoti huku akihesabu, na Inobat juu ya ukuta akipiga kelele, “Mwalimu, mjukuu wako anatoroka!” Jioni tukamla mjukuu. Tangu mwezi wa saba tumekula wajukuu kumi na mmoja, Dada, na wote walikuwa watamu.

Sasa ni ya tatu, ya mforosadi wetu ulioangushwa na upepo mwaka juzi. Hii haitembei, lakini nguzo yake moja ni nene kuliko mwenzake, na ua la komamanga alilolichonga upande wa kichwani ni kitunguu, kitunguu kabisa na mizizi yake. Kila jioni anainuka kwenye randa, maranda yamejaa kwenye nyusi zake, ananiita, “Sanobar, hivi?” nami namjibu “Hapana!” kutoka jikoni, hata sijatazama, naye anacheka na kuanza upya. Hajakasirika hata siku moja. Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na moja, na kabla ya beshiki hizi sijawahi kumwona anaamka akipiga mluzi.

Kosa langu ni hili. Mama mkwe wa Muhayyo, Bi Hurmat, siku ya harusi alibonyeza magodoro yetu moja baada ya jingine kuona kama pamba imejaa, mbele ya wageni, na nikifikiria macho yake yakitua kwenye kile kitunguu naisikia kabisa sauti yake: “Kumbe mmepitia sokoni kwa mboga!” Na Muhayyo ndiye atakayeishi na maneno hayo, si mimi. Kwa hiyo wiki mbili zilizopita nilinunua beshiki, nyekundu yenye maua ya dhahabu, inang'aa mpaka unajiona, nikaificha kwa dada yangu Karomat chini ya mablanketi. Nilipanga nimwambie Tolibjon asubuhi ya Jumapili, siku mtoto mchanga wa Muhayyo atakapolazwa beshikini mara ya kwanza, ili nafasi ya kubishana isiwepo.

Halafu Ijumaa iliyopita alipokwenda msikitini niliingia kibandani kwake kutafuta kasoro za kumtajia. Tikiti lilikuwa ndani, limeshafungwa. Nikabembeza mara moja tu, nione. Dada Mastura, ilikwenda na kurudi bila kutoa sauti, ikaendelea yenyewe nilipoondoa mkono, nikabembeza tena, na tena, na niliposhtuka nilikuwa namwimbia tikiti wimbo ule ule niliomlaza nao Muhayyo, machozi yananitoka na birika limekauka jikoni. Sijamwambia mtu. Nikibeba ya mume wangu nitamwaibisha binti yangu, nikibeba ya sokoni nitauvunja moyo wa mtu mwenye furaha. Nibebe ipi?

Sanobar, Margilan

MASTURA ANAJIBU

Sanobar mdogo wangu, nimecheka, na ofisi nzima imecheka, na sasa kaa chini nikugombeze.

Umeificha beshiki chini ya mablanketi kama msichana anayeficha barua. Umepanga kumwambia mumeo neno zito asubuhi ya sherehe, makusudi, akose nafasi ya kukujibu. Hilo ni baya kuliko kitunguu chochote. Na tangu masika unamwambia mtu “hapana” kutoka jikoni bila kuinua macho! Mwingine angeshaitupa randa uvunguni. Wako amekuwa akicheka na kuanza upya, nawe hukumpa hata sifa ya lile tundu la pili.

Mwalimu naye simwachi. Mwalimu Tolibjon, kama unasoma: mtoto mchanga si mtu mzima aliyegawanywa kwa tatu. Ungewauliza wanawake wa nyumbani kwako, ungeokoa ubao.

Haya. Unaniuliza ubebe ipi wakati mkono wako ulishajibu Ijumaa. Rangi ya dhahabu haikukutoa machozi. Kilichokutoa machozi ni kitanda kinachoyumba inavyotakiwa. Utabeba ya mforosadi.

Lakini hujaniambia jambo moja. Umejaza kurasa tatu za hofu kwa ajili ya Muhayyo, na Muhayyo mwenyewe hujamuuliza. Mpigie simu leo. Mwambie yote, na beshiki ilivyotembea kuelekea kwa kuku usiruke. Nikisikia amesema anataka ile nyekundu, nitakula tikiti zima na maganda yake.

Ukimaliza, pika chai, mwite mumeo, mwambie ulichokificha kwa Karomat. Mwambie leo, wakati nguvu za kucheka bado zipo. Ile nyekundu imrudie muuzaji, na akiikataa abaki nayo Karomat. Si ana binti anayechumbiwa? Kisha chukua skafu yako ya hariri, uipitishe juu ya mbao zote, nje na ndani, polepole. Inaponasa, pana kibanzi, na hapo Tolibjon apige msasa mpaka hariri iteleze. Rangi asipake, mtoto ataitia mdomoni. Mafuta ya kokwa za jozi yanatosha. Na kile kitunguu asikiguse tena, maana akikirekebisha kitakuwa karoti.

Bi Hurmat usimsubiri aanze. Ukifika mlangoni, kabla hujatua mikate, sema mbele ya watu wote, “Hii ameitengeneza babu yake. Ni ya tatu. Mbili za kwanza zilimshinda.” Sema ukiwa unacheka. Ulimi wake utatafuta pa kuanzia, na wageni watakuwa wameshaanza kuuliza habari za hizo mbili.

Halafu itafika ile sehemu ninayoipenda kuliko zote. Bibi mkubwa kuliko wote chumbani atamchukua mtoto na kumlaza kinyume, kichwa upande wa miguu, atawatazama na kuuliza, “Hivi?” nanyi mtapiga kelele, “Hapana!” Ndivyo walivyolazwa mama zetu, nasi, na watoto wetu: tunakosea kwanza, makusudi, mbele ya wageni, na hakuna aliyewahi kuona aibu.

Wanaume watakuwa nje. Acha mlango wazi kidogo, Tolibjon akae karibu nao. Bibi akishamgeuza mtoto akalala sawasawa, akauliza tena, “Hivi?”, usiwangoje wenzako. Sema “Ndiyo” wewe wa kwanza, Sanobar, kwa sauti ya kufika uani. Mumeo ameisubiri tangu mwezi wa tatu.