Kangaga la Kwenye Marudio

Magamba, Mpanda

Kaka yangu mpendwa Zefania,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini upepo wa ziwa haujawaletea mafua, na kwamba wewe, wifi Emelyne na mtoto mnaamka salama huko Karema. Sisi hatujambo. Mahindi yameanza kubeba, na mama siku hizi anafika kanisani bila fimbo. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Barua anakuletea Osward, anayekuja huko kununua samaki, migebuka. Nakuomba uisome mpaka mwisho.

Unakumbuka mlivyomwacha mama. Viganja vilikuwa vimeota vipele vigumu kama punje za mtama, na kifuani madoadoa kama matone ya mvua kwenye vumbi. Mlipoondoka, miguu nayo ikaanza kufa ganzi. Yaliyosemwa hapa nyumbani unayajua kuliko mimi, kwamba ugonjwa uliingia pamoja na wifi, na kwamba watu wa Mishamo, kwao wifi, wana dawa zao. Sitayarudia.

Basi baada ya mavuno alikuja mtaalamu wa mimea, dada mmoja anaitwa Dafrosa. Alikuwa akikusanya majani kuzunguka ule mgodi wa zamani, nyuma ya bustani ya mama, penye marudio, yaani mchanga uliosagwa, ukatolewa dhahabu, ukaachwa. Unapajua, hata magugu pale yanadumaa. Lakini karibu na kisima cha bustani limeota kangaga, lile jani lenye vidole kama kitana, tena limenawiri kuliko mchicha wa mama wenye mbolea. Dafrosa alipoliona alichuchumaa, kisha akauliza ni nani anakunywa maji ya kisima kile.

Mama akamjibu kwamba anakunywa yeye, kwa kuwa anashinda bustanini na bombani ni mbali.

Zilichukuliwa chupa za maji, udongo, mchicha na lile jani. Majibu yalipotoka Dafrosa alirudi mwenyewe, akatukalisha nje. Alisema kwenye marudio yale kuna sumu inaitwa aseniki, nayo imeshuka mpaka kisimani. Haina rangi wala harufu. Hata mmea hauitambui, kwa sababu inafanana sana na chakula kimoja cha mimea, kile kilichomo kwenye mbolea ya kupandia. Mzizi unafungua mlango ukidhani anaingia mgeni wake, kumbe ameingia mwuaji. Mimea mingi ikishashtuka inajitahidi kuizuia sumu kule kule mizizini, isifike juu kwenye mbegu. Mingine inashindwa, inanyauka.

Kangaga halifanyi hivyo, kaka. Lenyewe linaivuta sumu kwa makusudi, linaipandisha kwenye bua mpaka majani, na ndani ya jani, katika vifuko vidogo ambavyo jicho halivioni, linaifungia humo. Lile jani la kijani tulilokuwa tunalipita kila siku lilikuwa na sumu nyingi kuliko udongo lilimoota, na bado linachipua. Nilimwuliza kama halisikii maumivu. Dafrosa alicheka kidogo, akasema hata yeye hujiuliza hivyo. Siku ile nilikwenda kulitazama peke yangu, nikasimama kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Mungu ana mambo.

Sasa kisima kimefukiwa, bustani tumeihamishia upande wa juu, na makangaga yamepandwa kule chini yafyonze udongo taratibu. Itachukua miaka. Majani yanakatwa na kupelekwa mbali, mbuzi wasiyaguse. Daktari amesema miguu ya mama itazidi kupata nguvu, ila viganja huenda visirudi kama zamani.

Sasa nisikilize. Kisima kile kilichimbwa mwaka ule ule wa harusi yenu. Ndiyo maana ugonjwa ulifuatana na wifi. Dafrosa alipomaliza kueleza, mama ndiye aliyeuliza, mbele ya majirani wote, kisima kina miaka mingapi. Akahesabu mwenyewe kwa vidole. Halafu akasema, "Mimi nimemfukuza mtoto wa watu kwa ajili ya maji." Hakulia. Aliinuka, akaingia ndani.

Mama hakuiti urudi, kaka. Anakuja yeye. Nilimwambia mkwe hamfuati mke wa mwanawe kumpigia magoti, si desturi yetu. Akanijibu kwamba kumsingizia uchawi nako hakukuwa desturi. Atafika Jumamosi ijayo. Anaomba wifi aamue mwenyewe. Kama hataki kumwona, mama atalala kwa masista, atasali misa, na kurudi kimya. Usimlazimishe wifi, hayo ni maneno ya mama.

Mbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Wifi mwambie tu kwamba namsalimu. Mungu awaongoze katika hili.

Ni mimi mdogo wako,
Prisila