Kidonge cha Pili

Kaloleni, Voi

Dada Jemimah,

Natumai baridi ya Eldoret haijakushinda. Huku mvua imenyesha na kunde zangu zimechipua. Vincent wangu anakusalimu. Amenenepa kidogo, na mimi pia, usicheke.

Uliponiuliza kwa simu kama bado nameza dawa, nilibadilisha mazungumzo. Ni hivi: ile ya huzuni peke yake haikutosha, kwa hivyo daktari akaniongezea nyingine. Jirani yangu Susan alipoiona alisema mjomba wake alipewa hiyo hiyo alipokuwa akisikia sauti. Niliogopa, nikaificha kwenye debe la unga, nikarudi kulala nimegeukia ukuta.

Vincent aliipata akitaka kupika ugali. Hakunigombeza. Alinirudisha kliniki, akamwuliza daktari mbele yangu, "Mke wangu amerukwa na akili?"

"Hapana," daktari akasema. "Kwa kipimo kidogo, hii inaisaidia ile ya kwanza kufanya kazi."

Basi nikaanza kuimeza. Mwanzoni miguu haikutulia, hata kanisani nilisimama nje, mpaka wakanipunguzia. Halafu Jumamosi moja Vincent alikuwa akikaanga vitunguu. Harufu ikanijia, nikamwambia nina njaa. Aliweka mwiko chini, akakaa sakafuni, akalia. Vitunguu vikaungua, tukavila hivyo hivyo.

Mama hajui lolote. Ukija Desemba nisindikize Mwatate nikamwambie, maana ukiwa kando yangu nitaweza.

Mdogo wako akupendaye,
Wakesho