Rudi Tuanze Upya

Mjukuu wangu Aline,

Hapa Nengo tuko salama, na shangazi yako amejifungua binti. Umeniuliza "see off" ya Kiingereza ni nini. Ni kumsindikiza mtu anayeondoka.

Siku nilipokwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, kujifunza ushonaji, nilitoka bila kuaga, maana sikutaka kuona mama akilia. Alinikuta kwenye bariyeri ya mpakani, miguu peku. Hakulia.

"We! Mutu anatoka kwetu peke yake? Rudi, tuanze upya!"

Tukarudi hadi mlangoni. Akabeba mzigo wangu, akanisindikiza njia ile ile yote.

Nawe ulinitoroka, ukaniachia kikaratasi mezani. Bon, haya basi. Njoo likizo, hata siku moja, uondoke vizuri. Viatu vyangu viko mlangoni.

Bibi yako