Dumu la Oili na Mbao za Tela

Nyumbani,
Jumapili, mwezi wa kumi.

Mpendwa mdogo wangu Spana,

Pokea salamu zangu, nikiamini wewe, wifi na watoto mnaamka salama. Kile kifua chako kimetulia? Sisi tupo. Mama yuko kitandani, nami niko miguuni pake. Uchovu ndio ugonjwa wangu. Magonjwa mengine naona yamekosa nafasi.

Dumu la oili chafu lilifika, harufu ikiwa imetangulia. Asante, najua ulilitoa hapo gereji kwako kwa moyo mmoja, ukasema mbao za tela zisioze. Lakini bingwa, uliwaza nini? Tela hili halibebi tena matofali. Tangu miguu ya mama igome, tunalifunga kwenye pikipiki ya shemeji yako kumpeleka kliniki, naye hulala juu ya mbao hizo hizo, kagodoro kembamba chini yake.

Shemeji yako hakusubiri. Alipaka mbao mbili, akajisifu mpaka majirani wakasikia. Mvua ya jioni ile ikazikosha, na asubuhi maji yenye mafuta yalikuwa yameshaingia kwenye mchicha wangu. Nimeung'oa wote. Mama naye alikohoa njia nzima kwa ile harufu, na shuka lake halijatakata hadi leo. Nililia, sikufichi, na si kwa ajili ya shuka.

Mbao zile mbili tumezibandua, tukaweka nyingine. Seremala wa hapa jirani akanielekeza nitumie mafuta ya mbegu za kitani, yale matupu yasiyochanganywa na dawa. Kazi yake inachosha jamani! Unapiga msasa, unasubiri ubao ukauke kabisa, unapaka kidogo, unafuta yanayobaki, unangoja siku kadhaa, unarudia. Matambara nayo huwezi kuyakunja ukayatupa pembeni, yanaweza kupata moto yenyewe yakawaka. Niliyatandaza nje yakauke, moja moja. Hapo nilikutukana kimoyomoyo.

Mbao tumeziachanisha kidogo maji yapite, na tela linakaa chini ya bati, limeinamishwa nyuma. Shemeji yako anadai yeye mwenyewe hajawahi kulazwa pazuri hivyo.

Dumu lako nimelifunga vizuri, linarudi na dereva wa basi. Lipeleke wanakokusanya oili chafu, usije ukalimwaga mtaroni.

Juzi mama alikwenda na kurudi bila kukohoa. Akapapasa ubao, akauliza, "Huu kaupaka mwanangu Spana?" Nikamjibu ndiyo, ni wewe. Alifurahi sana, nami sikuwa na nguvu ya kusema kweli. Sasa anauliza kila siku kama bado upo hapa nyumbani, mbona huingii chumbani kumwona.

Msalimie sana wifi, mwambie vitenge vilifika. Mbusu Bonge na dada yake, waambie shangazi anawakumbuka. Baba mdogo na mkewe wanakusalimu. Mungu awafunike nyote na akupe njia nyepesi.

Mbao hizi zitavumilia mvua nyingi. Mama, mdogo wangu, sidhani. Njoo.

Wako akupendaye, japo amechoka,
Dada yako.