Kazungu wa Deo Ana Goli Sifuri

Jumatatu, 7 Juni 1999

Mutu mwenye bahati kuliko mimi hapa Gisenyi hajazaliwa, na kama amezaliwa bado ananyonya. Leo tena nimewasimulia watu wa baiskeli huku nafuta vumbi kwenye televizio: vile niliingiza mkono wa kushoto kwenye ndoo ya tiketi, dukani kule Goma, umati unatazama, nikatoa tiketi ya mashine ya mchezo. Mkono wa kushoto! Mimi niliyefika Bukavu, Kampala mpaka Mombasa, bahati inanifuata tu kama mbuzi anavyofuata chumvi.

Dada Mwamini alikuwa kwenye kona yake anashona. Alilamba uzi, akautia kwenye sindano.

Sale yetu ya kuchezea mpira wa televizio ilijaa. Chumba chetu cha mbele, benchi mbili, televizio moja, na hakuna sale nyingine mtaa mzima wa Mbugangari. Sheria ni ileile: ukifungwa unaacha maneti, kile kishikio cha kuchezea, unasimama nyuma. Hata kama wewe ni mkubwa wa mtaa.

Kazungu amefikisha goli la mia moja na kumi na mbili. Yeye ni mbebaji wa Petite Barrière, pale mpakani na Goma, anabeba viazi vya watu kwenye chukudu, baiskeli yake ya mbao isiyo na pedali, mchana kutwa, halafu anakuja kwangu kuwa mshambuliaji. Majina ya wachezaji wa kizungu niliyafuta zamani. Nikaandika yetu. Timu ya Barrière, timu ya Baiskeli, timu ya Viazi ya watu wa Bugeshi. Miaka miwili ya magoli, yote imelala kwenye kakadi kadogo kama biskuti kanakochomekwa kwenye mashine. Golikipa wa Barrière nilimwita Mwamini. Walicheka siku moja, wakazoea.

Jumanne, 8 Juni

Siku mbaya.

Deo, yule wa barabara ya pili, amefungua sale. Mashine yake inatoka kiwanda kilekile cha yangu, jina lilelile, lakini imeongezwa nguvu. Nilienda kuona. Heri nisingeenda. Majani ya uwanja unayahesabu. Wachezaji wana pua! Kwangu wana nyuso kama viazi vilivyochemshwa.

Hawa watu wa kiwanda wana roho gani? Wamekuoza msichana, hata mwaka wa tatu haujaisha wanakuletea mdogo wake mrembo zaidi, wanasema huyu ndiye tuliyekusudia. Si wangengoja? Watoe mpya kabisa baada ya miaka kumi, tujipange.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo. Wivu.

Jumatano, 9 Juni

Watu watatu tu. Mmoja alikuja kukwepa mvua.

Hamisi fundi nguo, aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichopigwa pasi, akanihubiria: "Ndugu yangu Ramazani, maendeleo hayamngoji mtu. Waache watengeneze chenye nguvu. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kiwanda, ungelala?"

Nikamwambia ningelala, tena kwa kukoroma. Akacheka, akaenda kwa Deo. Kwa miguu yake miwili!

Dada aliniuliza kama nimekula. Nikadanganya.

Sale ikifungwa, tunakula nini? Cherehani yake ya sasa ni ya mkono, nzee, inamuumiza bega. Ile ya miguu haipo tena. Mambo ya dunia.

Muuza vyombo mmoja wa Goma ameniletea ujumbe: nimpelekee mashine yangu ya mchezo pamoja na cherehani yoyote inayoshona, atanipa mashine mpya kama ya Deo.

Cherehani yoyote.

Alhamisi, 10 Juni

Mimi ni mutu mubaya. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Dada alitoka asubuhi kununua vitambaa. Nikafunga cherehani ya mkono ndani ya kitenge, mashine ya mchezo ndani ya gunia, nikashuka mpaka Petite Barrière. Ninajiambia nitamrudishia. Mwezi mmoja tu. Mimi na bahati yangu.

Kwenye foleni nikamkuta Kazungu na chukudu yake. Akachukua mizigo bila kuuliza. Halafu akauliza naenda wapi, nikamwambia naenda kubadilisha mashine nipate mpya.

"Bon, na kakadi? Majina yetu itaingia kwa hiyo mupya?"

Sikuwahi kufikiri. Miaka miwili nafungua na kufunga, sikuwahi kufikiri.

Alinisindikiza mpaka kwa muuza vyombo. Yule mzee akatazama kadi yetu mbele na nyuma, akatikisa kichwa. Mpya ina kadi yake. Ya zamani haisomi.

"Si munaandika majina upya," akasema.

Kazungu akamtazama kama mutu aliyetukaniwa mama. "Papa, kuandika ni kuandika. Na magoli yangu? Kazungu wa Deo, wa hiyo mupya, iko na goli ngapi?"

"Sifuri."

"Donc, basi, huyo si mimi."

Nikafunga gunia. Tukarudi. Njiani Kazungu alimwambia kila mbebaji tuliyepishana naye, kwa sauti ya kuuza samaki: kwa Deo mutu anaanza sifuri!

Cherehani niliirudisha mezani kabla dada hajafika. Nikaipangusa, nikaiweka vilevile. Nilifikiri vilevile. Aliingia, akaitazama, akakaa.

"We Rama," akasema, "cherehani yangu imeona nini huko Goma?"

Uzi ulikuwa upande wa pili, si alipouacha.

Nikasema imerudi. Akasema naona. Basi. Nilitamani anipige.

Ijumaa, 11 Juni

Wameanza kurudi. Kwanza watu wa Bugeshi, na matope yao. Walienda kwa Deo wakatafuta timu ya Viazi, wakaambiwa wataundiwa. Wakasema asante, tunayo.

Nimebandika karatasi mlangoni: KESHO KOMBE. BARRIÈRE NA BAISKELI. Mshindi anakula mbuzi wangu. Mbuzi ninaye, wivu umeisha.

Jumamosi, 12 Juni

Ayi weee! Sijawahi kuona! Watu mpaka dirishani, watu juu ya ukuta, chukudu zimepangwa nje kama magari ya harusi. Hamisi fundi nguo amerudi na pasi yake yote, amepiga kelele mpaka Kiswahili kikachanika.

Mbili kwa mbili. Penalti. Kazungu na Barrière yake, watu wa baiskeli wana mpira wa mwisho. Sale nzima ikaanza kuita: Mwamini! Mwamini! Dada mwenyewe akainuka kwenye kona akidhani anaitwa kweli, sindano mdomoni. Golikipa akaruka kushoto, yule wa uso wa kiazi, akaushika. Wakambeba dada! Dada mwenyewe, na kitambaa cha mteja mkononi, anawapiga nacho vichwani, anacheka. Miaka sijamsikia anacheka hivyo.

Tumeshinda. Mimi nimeshinda. Gisenyi haina sale nyingine.

Deo alikuja mwishoni, akasimama nyuma kama mtu aliyefungwa. Sale yake ilikuwa tupu. Ningemcheka. Nilikuwa nimetayarisha maneno matatu mazuri sana. Akaniuliza polepole kama timu yoyote ina nafasi ya jina. Nikamwandika kwenye timu ya Baiskeli, mchezaji wa mguu wa kushoto. Anaanza sifuri kama wengine walivyoanza. Nyama alikula.

Nimefikiri jambo la kiwanda. Watengeneze tu chenye nguvu, hata kila mwaka, mimi siwezi kuwazuia. Lakini kipya kikubali kubeba ya zamani. Kikishindwa hilo, nguvu yake ni ya nini?

Jumapili, 13 Juni

Kimya. Mvua kidogo. Wengi wako kanisani.

Dada anashona, bega limefungwa kitambaa. Kazungu alipita kuchukua kofia aliyoisahau, akaniomba nisimulie tena ile ya ndoo na mkono wa kushoto. Nikamwambia kesho. Dada akanitazama, akarudi kwenye kazi yake.

Niandike hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kucheka. Ndoo haikuwepo. Tiketi haikuwepo. Ilikuwa cherehani ya miguu ya Mwamini, aliyoachiwa na mama. Aliifunga kamba yeye mwenyewe, akanisukumia mpaka barabarani. Nilivuka nayo mpaka, nikarudi na mashine ya mchezo. Ile bahati niliitunga njiani.

Ile ya ndoo ni uongo.